Simfonia Moja, Rekodi Mia: Jinsi ya Kuchagua Bila Kuhadaiwa na Jalada

Tafuta Simfonia ya Tano ya Beethoven kwenye programu yoyote ya muziki, na simu itakumwagia orodha usiyoweza kuimaliza. Utamkuta mwongozaji Karajan mara kadhaa, Furtwängler mara nyingi zaidi, na Carlos Kleiber akiwa na jalada lile lile huku miaka iliyoandikwa chini yake ikitofautiana. Baadhi ya majalada yanajisifu: sauti mpya, biti 24, kutoka kanda za awali. Anayeanza hubofya ya juu kabisa basi. Aliyekwisha kunogewa hununua tatu au nne, kisha hajui kwa nini moja inamchosha na nyingine inamsimamisha vinyweleo.

Ushauri wangu ni huu, na yanayofuata yote yanaufafanua: chagua upigaji kwanza, toleo la sauti baadaye, na usihukumu chochote kabla hujasawazisha ukubwa wa sauti. Fundi wa studio anaweza kuondoa mengi kwenye rekodi ya zamani. Kile ambacho maikrofoni haikukisikia siku ile hana pa kukitoa.

Kazi tatu ndani ya rekodi moja

Kila rekodi ya simfonia imepitia mikono ya makundi matatu. La kwanza ni mwongozaji na okestra yake, ambao wameamua kasi, uzito na pumzi. La pili ni wahandisi waliokuwepo siku ya kurekodi, waliochagua ukumbi, mahali pa maikrofoni na mashine. La tatu ni fundi aliyekuja miaka kumi au hamsini baadaye, akaichukua kanda au santuri ya zamani na kuisafisha upya, kazi ambayo watu wa studio huiita rimasta.

Mtu akikuambia rekodi fulani ni kavu, muulize ni nani kati ya hao aliyeikausha. Arturo Toscanini aliirekodi Simfonia ya Tano mwaka 1939 na okestra ya NBC katika Studio 8H, New York, chumba cha redio kilichokuwa na mwangwi mdogo mno. Hakuna usafishaji utakaoigeuza studio ile kuwa ukumbi wa Vienna. Herbert von Karajan, kwa upande wake, alirekodi na Berlin Philharmonic mwaka 1962 ndani ya kanisa la Jesus-Christus-Kirche, mtaa wa Dahlem, na ule mvumo unaozizunguka vayolini umetoka kwenye kuta za kanisa. Alipozirudia simfonia za Beethoven miaka ya 1970, alirekodia katika ukumbi wa Philharmonie. Mwongozaji ni yule yule na okestra ni ile ile, lakini sauti imebadilika kwa sababu jengo limebadilika.

Kwa hiyo unapolinganisha, badilisha kitu kimoja tu. Ukitaka kujua usafishaji umefanya nini, weka pamoja matoleo mawili ya upigaji mmoja. Ukitaka kujua waongozaji wanatofautianaje, chukua rekodi mbili za zama zinazokaribiana, ili ubovu wa mashine usije ukadhaniwa kuwa udhaifu wa mwongozaji.

Vituo vitano vya kusikilizia

Simfonia hii huchukua nusu saa na zaidi kidogo, na hakuna sikio linaloweza kukumbuka yote ya rekodi moja wakati linasikiliza nyingine. Chagua vipande vifupi na uvirudie vile vile katika kila rekodi. Vitano hivi vinatosha.

Cha kwanza ni mwanzo wenyewe. Mwanakwaya anayesoma sol-fa ataujua mara moja: m m m d, kisha r r r t. Kabla ya noti ya kwanza Beethoven ameandika kimya kifupi, maana yake okestra inaingia baada ya pigo badala ya kuingia juu yake, na hapo ndipo okestra isiyojiandaa huumbuka. Noti ndefu ya pili imeandikwa iwe ndefu kuliko ya kwanza, lakini si waongozaji wote wanaojali tofauti hiyo. Angalia pia uzito. Wanaopiga hapa ni ala za nyuzi na klarineti tu. Ngoma na tarumbeta bado zimenyamaza. Kama kishindo cha chini kinatetemesha spika, kuna fundi aliyetia chumvi.

Cha pili ni mwito wa pembe. Kabla dakika ya kwanza haijaisha, kila ala inanyamaza na pembe peke yake zinatangaza kuingia kwa wimbo wa pili, ulio mpole. Mwito huo unarudi katika nusu ya pili ya sehemu hiyo ya kwanza, lakini safari hii Beethoven ameuandikia fagoti. Pembe za wakati wake hazikuwa na vali, na zile zilizofungwa kwa ajili ya sehemu hii zisingeweza kuzitoa noti zile sawasawa katika ufunguo mpya. Pembe zenye vali zilipoenea, waongozaji wengi walizirudishia pembe mwito ule, wakiamini kwamba mtunzi mwenyewe angependa hivyo. Wanaotumia ala za kale kwa kawaida hubaki na fagoti. Ndani ya sekunde chache unajua kama uliye naye anafuata karatasi au mapokeo.

Cha tatu ni oboe. Baada tu ya ule mwanzo kurudi kwa nguvu, okestra inasimama na oboe moja inapiga mstari mfupi wa polepole. Kwa kuwa hakuna sauti nyingine ya kuuficha, ukumbi unajitokeza hapa: sikiliza noti inapoisha inakwenda wapi, inazunguka ukutani au inakatika. Sikiliza pia ule mchakacho wa kanda ulio chini yake. Ukiwa umetulia na unaendelea vile vile, hauna madhara, na sikio litausahau. Ukiwa unapotea na kurudi kila noti inapoanza na kuisha, kuna mashine ya kuondoa kelele iliyotumiwa bila kiasi.

Cha nne ni besi za sehemu ya tatu. Katikati ya sehemu hiyo selo na dabo besi zinaanzisha mbio zao wenyewe, kisha ala za juu zinazifuata moja baada ya nyingine. Spika ya simu haiwezi kuzitoa noti hizo, kwa hiyo vaa hedifoni. Katika rekodi nzuri unasikia kila noti inapoanza na upinde unavyokwaruza uzi. Katika rekodi mbaya unasikia ngurumo tu.

Cha tano ndicho kigumu kuliko vyote: daraja linalounganisha sehemu ya tatu na ya nne. Ala za nyuzi zinashikilia noti kwa sauti ya chini kabisa, timpani inagonga taratibu, vayolini zinapanda ngazi kwa ngazi, halafu katika mapigo machache okestra nzima inafumuka katika C meja. Pamoja nayo zinaingia tromboni tatu, pikolo na kontrafagoti, ambazo zilikuwa hazijapiga hata noti moja tangu simfonia ianze. Kama timpani inasikika wazi bila wewe kuongeza sauti, na mfumuko unapokuja haukushtui, fundi ameibana rekodi: ameviinua vya chini na kuvishusha vya juu ili vilingane. Toleo la namna hiyo linafaa garini, penye honi na injini. Nyumbani linakunyima kile ambacho Beethoven alikijenga kwa sehemu tatu nzima.

Wapigaji na zama zao

Sasa tuwaone watu wenyewe, kwa ufupi. Mwaka 1913 Arthur Nikisch na Berlin Philharmonic waliirekodi simfonia nzima wakati maikrofoni ya umeme ilikuwa bado haijaingia studio. Wapigaji wachache walibanana mbele ya pembe kubwa iliyopeleka mtikisiko wa sauti moja kwa moja kwenye sindano ya kuchora. Usiisikilize kwa kutafuta raha ya sauti. Isikilize ujue jinsi mwanamuziki aliyezaliwa mwaka 1855 alivyoulegeza na kuukaza mwendo bila wasiwasi.

Wilhelm Furtwängler ameacha rekodi nyingi za simfonia hii, na mbili ndizo zinazozungumzwa zaidi. Moja ni ya Juni 1943, katikati ya vita, ndani ya Philharmonie ya zamani ambayo mabomu yaliiteketeza Januari 1944. Nyingine ni ya Mei 1947, aliporudi jukwaani Berlin baada ya kuhojiwa kuhusu miaka yake chini ya utawala wa Hitler. Mwendo wake haushikiki: anaburuta, anakimbia, anasimama. Wapo wanaomwona nabii na wapo asiowaingia kabisa. Otto Klemperer na Philharmonia ya London mwaka 1959 ni kinyume chake, mzito na asiyeyumba. Sehemu ya kwanza peke yake inamchukua zaidi ya dakika 8.

Kisha kuna Carlos Kleiber na Vienna Philharmonic, waliorekodi katika ukumbi wa Musikverein, Machi na Aprili 1974. Hii ndiyo rekodi ambayo wengi wakilazimishwa kubaki na moja wataishika. Ina kasi na haina haraka. Kila kundi la ala linasikika, na sehemu ya nne anaipiga na marudio yake kama ilivyoandikwa. Baba yake, Erich Kleiber, alikuwa ameirekodi Amsterdam na Concertgebouw mwaka 1953. Ukizisikiliza zote mbili utaona kwamba mwana hakuokota barabarani ukali ule wa mdundo.

Suala la kasi lina historia yake. Mwaka 1817 Beethoven alichapisha vipimo vya metronomu kwa simfonia zake, na kwa sehemu ya kwanza ya hii aliandika mapigo 108 kwa dakika, pigo moja kwa kila baa ya muziki. Kwa muda mrefu waongozaji walikiona kipimo hicho kuwa cha kichaa. Kuanzia miaka ya 1980 kundi la wapiga ala za kale lilikichukua kwa uzito: Roger Norrington, Christopher Hogwood, kisha John Eliot Gardiner na Orchestre Révolutionnaire et Romantique. Nikolaus Harnoncourt akachagua njia ya katikati akiwa na Chamber Orchestra of Europe huko Graz, mwanzoni mwa miaka ya 1990: ala za kisasa, ila tarumbeta za kizamani zisizo na vali, ambazo sauti yake inakata badala ya kufunika. Ukitoka kwa Klemperer ukaingia kwa Gardiner utadhani umewekewa simfonia nyingine. Vipe vituo vile vitano nafasi kabla hujakata shauri.

Usafishaji unaweza nini, na hauwezi nini

Swali la kwanza kuhusu toleo lolote jipya ni chanzo chake. Kanda ya sumaku ikinakiliwa, nakala inaongeza mchakacho na kupoteza ukali. Ikinakiliwa tena, hasara inazidi. Fundi mwenye mashine za kawaida aliyeipata kanda ya kwanza humshinda mwenye mashine za bei mbaya aliyepewa nakala ya nakala.

Rekodi za vita za Furtwängler ni mfano mzuri. Zilinaswa na redio ya Ujerumani kwenye kanda za sumaku, teknolojia ambayo wakati huo nchi nyingine hazikuwa nayo kwa kiwango kile. Vita vilipoisha Wasovieti walizichukua kanda wakazipeleka Moscow, na kampuni ya Melodiya ikazitoa kwenye santuri. Nchi za Magharibi zikanakili kutoka santuri hizo, na wengine wakanakili kutoka kwa walionakili. Ndiyo maana tamasha moja la 1943 linapatikana kwa sura nyingi: moja imepanda ufunguo kwa sababu kanda ilizungushwa haraka kupita kiasi, nyingine imefunikwa na mvumo, nyingine imesuguliwa hadi vayolini zinalia kibati. Kanda zilianza kurudi Berlin mwaka 1987, na mwaka 2018 Berlin Philharmonic wenyewe wakatoa mkusanyo wa rekodi za redio za 1939 hadi 1945. Kwa rekodi hizi, ukubwa wa tofauti kati ya matoleo unaweza kuzidi ule wa tofauti kati ya waongozaji wawili.

Kwa Kleiber wa 1974 hali si hiyo. Kanda zilitunzwa vizuri, chanzo kinajulikana, na matoleo yake yanatofautiana kwa vitu vidogo. CD ya kwanza ya miaka ya 1980 ilikuwa na Simfonia ya Tano peke yake, dakika 33 hivi. Mwaka 1995 kampuni ya Deutsche Grammophon iliisafisha upya na kuiunganisha na Simfonia ya Saba katika mfululizo wa The Originals. Baadaye yakaja matoleo ya SACD na santuri mpya. Asiye na toleo lolote achukue lile la 1995, kwa kuwa anapata simfonia mbili kwa bei ya moja. Aliye nalo asikimbilie jingine mpaka alisikilize kwanza.

Tahadhari tatu zaidi. Ya kwanza, kelele. Mchakacho wa kanda umelala mahali pale pale penye ncha ya vayolini na mwisho wa noti za oboe. Ni kama kufua leso iliyopauka: ukisugua doa bila huruma, rangi inaondoka pamoja nalo. Toleo lenye kelele kidogo na hewa ndani yake ni afadhali kuliko lililonyamazishwa. Ya pili, stirio ya kubuni. Miaka ya 1960 kampuni nyingi zilichukua rekodi za mono na kuzigawa kwa ujanja kwenye spika mbili; zikwepe, rudi kwenye mono. Ya tatu, tarakimu. CD ya kawaida ina nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti ndogo na kubwa, na kanda ya 1974 haikufika huko. Kwa hiyo faili la biti 24 la kanda ile halikuletei noti iliyokuwa imefichwa. Likiwa bora, sifa ni ya fundi na ya chanzo alichopewa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jalada lenye tarakimu nyingi lisilosema kanda imetoka wapi lisikutoe hela.

Kulinganisha kwa haki

Sikio la binadamu lina udhaifu unaojulikana: vitu viwili vilivyo sawa vikipigwa, kimoja kikiwa juu kwa desibeli moja tu, tunakiona hicho kuwa safi zaidi na chenye uhai zaidi. Matoleo mengi mapya yameongezwa sauti kwa sababu hiyo. Kabla ya kulinganisha, cheza kipande kile kile cha wastani, kwa mfano mwanzo wa sehemu ya pili penye vayola na selo, na urekebishe kitufe mpaka matoleo yalingane. Programu ya kupimia desibeli kwenye simu itakusaidia. Programu nyingi za kusikilizia pia zina kipengele cha kusawazisha sauti kati ya nyimbo. Kiwashe unapotaka kulinganisha matoleo mawili ya sehemu moja, na kizime unaposikiliza simfonia nzima, ili sehemu laini isije ikapandishwa ilingane na ile ya kishindo.

Mpangilio mwingine wa kuangalia ni ule wa kuunganisha nyimbo. Sehemu ya tatu na ya nne hazina mwanya kati yake, lakini kwenye simu ni nyimbo mbili. Zima kipengele kinachofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, na uwashe kile cha kucheza bila pengo. Vinginevyo utalaumu rekodi kwa kukata daraja wakati kosa ni la simu.

Bando likiwa dogo, usipakue simfonia nne nzima. Pakua sehemu ya kwanza, ya tatu na ya nne kutoka kila rekodi, kwa ubora wa juu, badala ya kutiririsha kwa ubora wa chini unaochuja timpani na mwangwi wa ukumbi. Kisha mwombe mtu wa nyumbani akuchezee bila kukuambia ni ipi. Andika unachosikia kabla ya kuuliza jina. Jina la Furtwängler lina uzito wa kutosha kulifanya sikio lisikie lisilokuwepo.

Kuhusu tarehe, usiuamini mwaka unaoonyeshwa na programu. Mara nyingi ni wa toleo. Kwenye jalada tafuta herufi P ndani ya duara, inayohusu kutolewa kwa sauti, na usiichanganye na C, inayohusu maandishi na picha. Mahali na siku ya kurekodi kwa kawaida huandikwa kwa herufi ndogo ndani ya kijitabu. Kleiber wa 1974 na Kleiber wa 1995 ni mtu yule yule, siku zile zile.

Uanzie wapi

Ukiwa na nafasi ya rekodi moja, chukua Kleiber. Ukiwa na nafasi ya mbili, mwongeze Harnoncourt au Gardiner, usikie ala na kasi za upande wa pili. Rekodi ya tatu na iwe ya kihistoria, Furtwängler wa 1943 au 1947, na hapo ndipo utumie muda na pesa kutafuta toleo lenye chanzo kizuri, kwa sababu ndipo usafishaji unapoamua mengi. Nikisch msikilize bila kununua. Rekodi za zama zake zinapatikana bure mtandaoni.

Baada ya hapo pumzika kununua. Rudi kwenye vituo vile vitano na hizo chache ulizo nazo, mpaka uweze kusema kwa nini unaipenda moja kuliko nyingine: kwa noti ya pili iliyoshikiliwa, kwa fagoti iliyoachwa mahali pake, kwa mfumuko wa C meja ambao fundi hakuubana. Atakayekuuliza rekodi ipi ni bora, usimpe jina la kampuni wala idadi ya biti. Mtajie dakika na sekunde, mwache asikilize mwenyewe, kisha mbishane.